Lori la Jeshi na Nambari Iliyozikwa kwa Rangi

Nyinyi mliorithi meza yangu pale ghorofani, juu ya duka la mbegu, mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi ya bima na makaratasi ya magari. Mlisema "kidogo" huku mnacheka, maana mnanijua. Basi kaeni. Wekeni simu kando, hata kama siku hizi kazi yote iko ndani ya hizo simu. Nitawasimulia faili langu la mwisho hapa Kakamega: lori la jeshi, zima, la magurudumu sita, lililotakiwa kupata nambari ya raia na bima ya raia ili limbebe ng'ombe mmoja. Ndiyo, mmoja. Aliye na haraka aende zake, lakini mjue mapema kwamba nilishinda, na sitajifanya mnyenyekevu katika hilo.

Mjini waliniita Mama Bima. Wengine waliniita hivyo kwa heshima, na wengine walilitaja jina hilo wakivuka barabara kunikwepa, kwa sababu stika zao zilikuwa zimeisha. Nilimjua kila mwenye pikapu kuanzia Likuyani hadi Iguhu kwa namna alivyonikwepa. Kwa hiyo nilishangaa siku moja mtu alipopanda ngazi zangu kwa hiari yake, hatua nzito, zote za kipimo kimoja, akasimama mlangoni wima kabisa akisubiri kuambiwa aingie.

Alikuwa Koplo Shivachi wa Iguhu. Alikuwa dereva wa malori jeshini maisha yake yote ya kazi, kisha akastaafu akarudi nyumbani kulima mahindi.

"Mulembe, Mama Bima."

"Mulembe muno, Koplo. Leo umetukumbuka."

"Nimenunua gari."

"Hongera! Gari gani?"

"Kuja hapa dirishani uone tu."

Nikaenda dirishani. Trekta la miwa lilikuwa limesimama barabarani, na nyuma yake, kwa mnyororo, lori la kijani la kijeshi lililojaza nusu ya njia. Waendesha bodaboda walikuwa wanapiga honi, na mwenye duka la mbegu ametoka nje ameshika kiuno. Lori lenyewe lilikuwa limetupwa na jeshi, likauzwa kwenye mnada wa vitu vilivyochakaa, na sasa Koplo alikuwa amelivuta kutoka kwake Iguhu ili nilione.

"Unataka kufanyia biashara gani?" nikamuuliza.

"Hapana biashara. Ni ya kibinafsi."

"Kibinafsi! Utaendea kanisani?"

"Ni ya ng'ombe yangu," akasema, na hakucheka.

Kwa wale wenu mliotoka mbali, niwaeleze. Kwetu kule Ikolomani fahali hupiganishwa uwanjani asubuhi, wawili wawili, mpaka mmoja ageuke akimbie. Mwenye fahali mshindi hutembea kifua mbele mwaka mzima. Fahali hupelekwa uwanjani kwa miguu, watu wakimzunguka kwa ngoma za isukuti na nyimbo. Sasa fahali wa Koplo alikuwa ametembezwa kutoka Iguhu hadi Khayega kwenye lami, kwato zikalika, na alipofika uwanjani akalala chini. Hakupigana wala hakukimbia, alilala tu. Watu walicheka mpaka wengine wakalala naye. Tangu siku hiyo, kila Koplo akiingia dukani kununua sukari, kulikuwa na mtu wa kupiga miayo.

"Fahali yangu si mlegevu," akaniambia. "Ni barabara ilimshinda. Nikimfikisha akiwa na nguvu zake, watu watanyamaza."

"Na mama watoto anasemaje?"

Hapo ndipo aliketi. Mkewe, Mama Linet, hakuwa amefurahia chuma hicho kikubwa kuletwa uani kwake. Wakata vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kuja mara mbili, wakalipima lori kwa kamba kutoka pua hadi mkia. Mama Linet alikuwa ametoa hukumu: likifika siku ya mapigano mengine ya Khayega bila nambari wala bima, wakata vyuma waje na mitungi yao ya gesi wafanye kazi yao. Koplo alikuwa na wiki saba. Na mimi, wiki hizo hizo saba, ndizo zilizokuwa zimenibakia kabla ya kukabidhi funguo za ofisi.

Wenzangu wa ofisi walipoliona faili lile walilisukuma mezani kwangu kwa ncha ya kidole. Mmoja akasema, "Mama, wewe ondoka na heshima yako, hii mambo ya jeshi waachie jeshi." Basi mtu akiniambia hivyo nimekwisha. Nilichukua kalamu nikaandika jina la Koplo juu ya faili kwa herufi kubwa.

Ugumu wake ulikuwa huu. Ili lori lisajiliwe, lazima likaguliwe. Ili likaguliwe, lazima lifike uwanja wa ukaguzi. Ili liende barabarani, lazima liwe na bima. Na kampuni ya bima nayo hutaka kujua gari limesajiliwa kwa nambari gani. Mtu asiyejua kazi huzunguka kwenye duara hilo mpaka viatu vinaisha. Mlango wa kutokea upo, nao ni nambari ya chasisi, ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari kiwandani. Kampuni inaweza kutoa bima ya muda mfupi kwa nambari hiyo peke yake, gari likakaguliwa, likasajiliwa, kisha cheti kikabadilishwa. Lakini nambari hiyo iwe sahihi, tarakimu kwa tarakimu. Hapo hakuna karibu-karibu.

Najua jambo hilo kwa uchungu, na lazima niwaambie nilivyolijua, ingawa ningependa kuruka.

Nilipoanza kazi nilikuwa msichana wa taipureta chini ya Mzee Okwemba, wakala wa bima aliyevaa tai hata Jumamosi. Siku moja mteja wa Matete, mwenye kinu cha kusagia mahindi, alileta pikapu yake tuikatie bima. Mvua ilikuwa inanyesha. Pikapu ilikuwa pale chini, hatua kumi hivi, na mimi nilikuwa nimesuka nywele siku hiyo hiyo. Basi nikainakili nambari ya chasisi kutoka kwenye karatasi lake la zamani, nikapiga mhuri, nikarudi kwenye chai yangu. Karatasi lile lilikuwa na tarakimu moja yenye kosa. Pikapu ilipopinduka kwenye daraja, kampuni ilitazama chasisi, ikatazama cheti, ikasema gari hilo si lile walilolikatia bima.

Mzee Okwemba hakunifokea. Alinipeleka Matete kwa basi ili nimwambie yule mtu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimwambia tukiwa tumesimama mbele ya kinu chake, unga umemjaa kwenye nyusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mkewe atuandalie chakula, kwa sababu tulikuwa wageni. Wakatuletea obusuma, ndio ugali wetu, na ingokho. Nimemkosesha mtu gari lake, naye ananichinjia kuku! Nilikula huku machozi yanaanguka kwenye mchuzi, na Mzee Okwemba akaniambia nimalize, nisiongeze dharau juu ya hasara.

Tukirudi alinipa penseli yake ya seremala, ile bapa yenye risasi laini. Akasema, "Ukitaka namba ya gari, unauliza gari. Huulizi karatasi." Kisha akanifundisha jinsi ya kuliuliza. Unafuta chuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, unakausha. Unalaza penseli ubavu, unapaka juu ya nambari taratibu mpaka chuma kiwe cheusi. Unabandika selotepu juu yake, unakandamiza kwa ukucha, unabandua polepole, unabandika kwenye karatasi nyeupe. Tarakimu zinatoka nyeupe kwenye weusi, kama zilivyo, na mkono wako haukuandika chochote. Tangu siku hiyo sikukata bima ya gari jipya bila kulala chini yake kwanza. Nimeharibu sketi nyingi, lakini hakuna kuku mwingine niliyemla kwa machozi.

Ila la Koplo, watoto wangu, nililikosea tena. Safari hii kosa halikuwa la mvua bali la kiburi.

Mwaka wa kuagwa mtu huwa anajipenda sana. Walikuwa wananishonea kitenge, wanapanga keki, na mimi nikawa nafanya kazi nikiwa mezani kama bibi harusi. Koplo aliponiuliza aanzie wapi, nilimwambia kwanza abadilishe rangi, kwa sababu raia haruhusiwi kuendesha gari la rangi ya jeshi. Hilo ni kweli. Lakini nilipaswa kushuka ngazi siku ile ile lori lilipokuwa pale chini, au kwenda Iguhu na penseli yangu kwanza. Chuma kwanza, rangi baadaye. Badala yake nilimpungia mkono nikasema, "Nenda ukapake rangi kila mahali, Koplo. Nisione hata alama moja ya jeshi kwenye hilo lori."

Nilisahau ninasema na nani. Mtu wa kawaida ukimwambia hivyo atapaka milango na boneti, basi. Koplo Shivachi alipiga visigino pamoja akasema, "Sawa, Mama," akaenda kutekeleza amri.

Wiki mbili baadaye nilifika Iguhu nikiwa na penseli, selotepu na gunia la kulalia. Lori lilikuwa limesimama uani, limepakwa rangi ya maziwa, linang'aa. Kando yake alikuwa fundi wa rangi, Rajabu, aliyetoka Mumias na msasa wake na makopo yake. Tulisalimiana salamu zote, za kwake na za kwetu, kisha nikatandika gunia nikaingia chini.

Nilitafuta upande wa kulia. Nikatafuta wa kushoto. Chasisi yote ilikuwa laini tupu.

"Rajabu," nikaita nikiwa chini, "nambari iko wapi?"

"Mama, nimeziba kila shimo kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka mikono mitatu," akajibu kwa fahari. "Hata nzi akitua hapo atateleza."

Nikatoka chini polepole. Koplo alikuwa amesimama wima.

"Koplo, nambari ya chasisi mmeiziba?"

"Ilikuwa alama ya jeshi, Mama. Wewe ulisema isibaki hata moja. Nikaondoa zote. Hata kile kibati cha shaba cha dashibodi nikakiondoa."

Niliketi juu ya gunia. Gari lisilo na nambari ya chasisi halikatiwi bima. Halikaguliwi. Tena linaonekana limeibwa. Mkaguzi akiona puti mahali pa nambari anaita polisi, na ana haki. Nilikuwa nimemzikia mtu lori lake kwa maneno kumi na matano, nikiwa nimevaa miwani mipya. Niliona aibu ile ile ya Matete, ikiwa kubwa zaidi kwa sababu safari hii sikuwa mtoto.

Mama Linet alikuwa jikoni, mlango wazi, anasikia yote. Ghafla alitoka nje akapiga kelele kuelekea shambani: "Nyinyi! Toeni huyo Nne Tisa Moja Sita kwa mahindi yangu!"

Nikageuka. "Nani huyo?"

"Si hii fahali."

"Fahali anaitwa Nne Tisa Moja Sita?"

"Watoto walimpatia hiyo jina. Si imeandikwa kwa mlango yake?"

Niliinuka haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Zizi la fahali lilikuwa nyuma ya nyumba, na juu ya mlango wake, kimepigiliwa misumari minne na kusuguliwa mpaka kinawaka, kilikuwa kibati cha shaba cha lori. Nambari ndefu ya chasisi ilikuwa hapo, na tarakimu zake nne za mwisho ni nne, tisa, moja, sita.

"Sikuweza kukitupa," Koplo akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini. "Nimesafishanga vibati kama hiki maisha yangu yote."

Ningemkumbatia. Lakini nilitoa kwanza barua ya mnada kwenye mkoba nilinganishe. Barua ya dalali ilisema nne, tisa, saba, sita. Kibati kinasema moja, karatasi linasema saba. Yule msichana wa taipureta angechagua mojawapo akaenda kunywa chai. Mimi nilijua ni nani wa kuulizwa.

"Tunachimba," nikasema.

Rajabu akakimbilia grenda. Nikamzuia kwa sauti iliyowatawanya kuku. Sikilizeni hapa, nyinyi wa simu: karibu na nambari ya chasisi hakuna grenda, hakuna patasi, hakuna brashi ya waya. Ukiikwaruza tarakimu moja, hakuna atakayekuamini tena kwamba hukuibadilisha. Unatumia dawa ya kubabua rangi, na unakwangua kwa mti. Lakini tuchimbe wapi? Chasisi ina urefu wa nyumba, na Rajabu, kwa uhodari wake, hakukumbuka ameziba nini wapi.

Koplo akavua koti. Akalala kwenye gunia langu, akaingia chini ya lori, akafumba macho. Nilimwona kwa macho yangu, amefumba. Mkono wake wa kulia ukaanza kutembea kwenye chuma, nyuma ya gurudumu la mbele, ukihesabu ribiti. Moja, mbili. Ukasimama.

"Kila Jumatatu ya ukaguzi nilikuwa nafutanga hiyo namba na kitambaa ya dizeli," akasema. "Lori za aina hii zote, ni hapa. Mkono unajua."

Tukapaka dawa hapo. Rangi ya maziwa ikajikunja, chini yake ikatokea puti. Tulihitaji mti wa kukwangulia, mgumu, wenye ukingo mwembamba. Nikatazama huku na huku, na Mama Linet akawa amesimama pale ameshika mwiko wake wa ugali. Akaninyooshea.

"Mkivunja mwiko yangu," akasema, "hao watu wa vyuma wakuje leo leo."

Nilikwangua mwenyewe. Sikumwachia mtu. Puti ilitoka vipande vidogo vidogo, na kila baada ya dakika nilifuta kwa kitambaa. Nne ikatokea. Kisha tisa. Tarakimu ya tatu ilikuwa na puti iliyokauka kama saruji, na Rajabu akaanza kusoma dua kimoyomoyo, midomo inacheza. Nikapaka dawa tena, nikasubiri, nikakwangua. Mstari mmoja ulionyooka. Hauna kofia juu.

"Moja!" nikapiga kelele chini ya lori, nikagonga kichwa. "Ni moja!"

Koplo alipiga saluti kuelekea miguu yangu, maana ndiyo pekee iliyoonekana. Mama Linet alichukua mwiko wake akaenda kuuosha, lakini nilimwona anatabasamu. Nilitoa penseli ya Mzee Okwemba, siku hizo imebaki fupi kama kidole gumba, nikapaka, nikabandika, nikabandua. Nilifanya nakala tatu. Nambari ilitoka nyeupe, nzima, haina mkwaruzo hata mmoja.

Baada ya hapo nilikuwa simba. Nilipanda basi la asubuhi hadi Nairobi kwa yule dalali wa mnada, nikaweka nakala ya penseli juu ya meza yake, na kando yake picha ya kibati. Alizitazama, akafungua daftari lake la mnada, akakuna kichwa. Mchapaji wake alikuwa amebonyeza saba. Nilirudi nyumbani na barua mpya yenye mhuri. Mtu anayekuja na chuma mkononi habishaniwi sana.

Kampuni ya bima ndiyo iliyonipa raha. Huko makao makuu alikuwapo kijana mmoja, Brian, mpole, mwenye haraka, ambaye lazima aidhinishe kila cheti.

"Mama, sistimu haina hiyo aina ya gari," akaniambia kwenye simu.

"Bima ilikuwako kabla ya sistimu, Brian. Shuka mpaka chini, kuna mahali pameandikwa 'nyingine'."

Nikamsikia akibonyeza. "Ndiyo, nimepaona. Lakini siwezi kuipa bima kamili, bei yake sokoni haijulikani."

"Sijaomba bima kamili. Naomba ile ya kulinda watu wengine barabarani. Hiyo haiulizi bei ya lori."

"Matumizi?"

Hapa nanyi mkae macho, kwa sababu wengi hupotea hapa. Koplo alikuwa anasema "kibinafsi" kwa kila mtu, na ni kweli hakuwa na biashara. Lakini lori ni lori. Ukiandika kibinafsi tu kama gari dogo la kwenda kanisani, siku ya ajali watauliza ng'ombe alikuwa anatafuta nini nyuma. Nikamwambia Brian aandike: kubeba mizigo ya mwenye gari mwenyewe, si ya kukodisha.

"Mizigo gani?"

"Ng'ombe."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Ng'ombe mmoja, Mama? Kwa lori la magurudumu sita?"

"Humjui ng'ombe huyo," nikasema, nikawasha video. Ndiyo, mimi, mnayenicheka kwa kuandika ujumbe kwa kidole kimoja. Nilikuwa uani kwa Koplo. Nilimwonyesha Brian lori, nikamwonyesha nambari ya chasisi kwa karibu, kisha nikamgeuzia fahali, ambaye alikuwa anapanda kwenye lori kupitia tuta la udongo tulilomjengea. Alipanda taratibu, mabega yanacheza, na lori likashuka kidogo kwa uzito. Brian alisema neno moja la Kiingereza ambalo sitaliandika.

Aliidhinisha, kwa sharti moja: mbele dereva na watu wawili tu, na nyuma asipande mtu yeyote, kwa sababu anazijua nyimbo na ngoma zetu. Nilikubali. Lilikuwa sharti zuri, hata mimi ningeliweka.

Lori likaenda kukaguliwa kwa bima ya muda mfupi. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mchapakazi asiyecheka. Alitaka taa, akataka rifleta, akataka kidhibiti mwendo. Koplo alimwambia kwa heshima kwamba lori hilo likishuka mlima na upepo nyuma yake halifiki hata themanini. Mkaguzi akasema sheria ni sheria, kikafungwa. Alipofika kwenye chasisi alikuta pale pamesafishwa, chuma kitupu, nakala yangu ya penseli imebanwa kwenye faili. Akalinganisha kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu, akaniuliza nani alinifundisha kufanya hivyo. Nikamtajia Mzee Okwemba, Mungu amrehemu. Akapitisha. Wiki moja kabla ya Khayega, nambari za usajili zikafungwa mbele na nyuma, na stika ya bima ikabandikwa kwenye kioo kwa mkono wangu. Nilijifungia chooni ofisini nikalia kwa furaha, kisha nikatoka nikawaomba wale walioniambia nilinde heshima yangu waninunulie soda. Walininunulia.

Sasa, watu wakiniuliza habari za siku ya Khayega huuliza kuhusu fahali. Fahali alishinda. Alishuka kwenye lori akiwa mbichi kabisa, akapuliza pua mara moja, na mwenzake akageuka. Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. Lakini mimi si mtu wa ng'ombe, na ushindi wangu ulikuwa umekwisha kupatikana barabarani, kabla hatujafika.

Tuliondoka Iguhu kumekucha. Mbele alikaa Koplo kwenye usukani, Mama Linet katikati amevaa nguo ya Jumapili, na mimi mlangoni na faili langu magotini. Nyuma alikuwa fahali peke yake. Vijana walitaka kupanda, Koplo akasimama nyuma ya lori akawatazama tu, wakashuka. Wakaamua watembee mbele kama desturi, na isukuti zao, na sisi tukawafuata kwa gia ya kwanza. Wakawa wanaimba jina la fahali: Nne Tisa! Moja Sita! Nne Tisa! Moja Sita!

Karibu na Khayega polisi wakatusimamisha. Lori la sura ya jeshi, limepakwa rangi ya maziwa, linazungukwa na umati na ngoma. Hata mimi ningelisimamisha. Afisa alikuwa kijana, makini, buti zinang'aa. Akaomba cheti cha bima, nikampa. Akaomba logbuku, nikampa. Akasoma yote, akalitazama lori kutoka pua hadi mkia kama walivyolipima wale wakata vyuma.

"Mama, hizi makaratasi zinaweza kuwa za gari ingine," akasema.

"Ni kweli, afande," nikamjibu. "Usiulize karatasi. Uliza gari. Nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa kulia, baada ya ribiti ya pili."

Mama Linet alinishika mkono, akanibana mpaka pete yangu ikaniuma. Ngoma zikanyamaza. Afisa akawasha tochi, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza kichwa chini ya lori. Tukaanza kumsikia akisoma kwa sauti, polepole, akilinganisha na cheti. Herufi za mwanzo. Tarakimu za katikati. Akafika mwisho.

"Nne," akasema kutoka chini. "Tisa..."

"MOJA! SITA!" umati mzima ukamjibu, na isukuti zikalipuka zote kwa pamoja.

Afisa akatoka chini ya lori, vumbi limejaa kwenye kofia. Aliwatazama watu, akamtazama fahali, akamtazama Koplo aliyekuwa ameketi wima na mikono miwili kwenye usukani. Kisha akanirudishia makaratasi yangu kwa mikono yote miwili.

"Endeni, Mama," akasema. "Hii gari inajulikana."